Shilingi ya malkia na ukweli wa baba

Jumamosi asubuhi, meza ya jikoni ikiwa bado na makombo ya mkate, binti wa miaka 11 alitoa mizani ndogo ya kupimia vito. Akaiwasha, akasubiri isome sifuri, kisha akaweka juu yake sarafu aliyopewa na baba yake siku ya kuzaliwa. Akaitazama namba. Akaitoa sarafu, akairudisha. Namba ikawa ileile: gramu mbili na kidogo.

"Baba, mbona hii ni nyepesi?"

Baba huyo, mzaliwa wa Tanga anayeishi na familia yake kusini mwa Uingereza, alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazi ya usiku. Alikuwa na usingizi machoni na mfuko wa maziwa mkononi. Akatoa jibu ambalo mzazi aliyechoka hulitoa bila kufikiri.

"Ni ya zamani mno, mama. Imelika."

Akapanda kulala. Binti akabaki na sarafu yake, mizani yake na shaka yake.

Sarafu yenyewe ilikuwa ya peni sita, yenye sura ya Malkia Elizabeth wa Kwanza na mwaka 1573. Baba aliinunua kwa njia ya mtandao, kwa bei iliyomfurahisha, kutoka kwa muuzaji asiyemjua. Aliinunua kwa sababu shuleni darasa la binti lilikuwa linasoma habari za ukoo wa Tudor, na nyumbani simu ilikuwa imekwisha kumteka mtoto. Kila jioni kichwa kimeinama, kila swali linajibiwa kwa "eeh." Baba alitaka kitu kimoja ambacho mtoto angekishika kwa mikono miwili na kukiuliza maswali.

Alifanikiwa kuliko alivyotarajia. Kwani mtoto aliyefundishwa kuiuliza sarafu maswali, siku moja humuuliza baba pia.

Fedha ya kufua

Ukoo wa Tudor uliitawala England kuanzia mwaka 1485 hadi 1603. Alianza Henry VII, akafuata mwanawe Henry VIII, kisha watoto watatu wa Henry VIII wakapokezana kiti: Edward VI, Mary wa Kwanza na Elizabeth wa Kwanza. Kwa msomaji wa pwani yetu, Henry VII alikuwa bado kitini mwaka 1505 Wareno walipoivamia Kilwa, na Elizabeth alikuwa anakaribia miaka 60 walipoanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593.

Sarafu za fedha za wakati huo zilifuliwa kwa nyundo. Kufua hapa si kwa maji na sabuni. Ni kule kwa mfua fedha na mfua vyuma. Katika kigogo cha mti kilichomekwa chuma kifupi chenye mhuri wa upande mmoja wa sarafu. Mfuaji aliweka juu yake kipande bapa cha fedha, kisha akasimamisha juu ya kipande hicho chuma cha pili chenye mhuri wa upande wa pili. Akapiga nyundo. Kipande kikatoka na sura ya mfalme upande mmoja na ngao yake upande mwingine.

Kazi hiyo ilifanywa hasa katika Mnara wa London, ingawa kwa nyakati mbalimbali ilifanyika pia katika miji kama Canterbury, York, Durham na Bristol. Kwa kuwa mkono wa binadamu haupigi mapigo mawili sawasawa, hakuna sarafu mbili zilizofanana kabisa. Moja sura imekaa katikati, nyingine imesogea pembeni hata taji limekatika. Moja ni duara, nyingine ina umbo la kiazi. Mtu aliyezoea sarafu za mashine za leo akizitazama mara ya kwanza hudhani zimeharibika.

Kwa mtoto, hapo ndipo utamu ulipo. Binti huyu aliwahi kumwambia mama yake kwamba anapenda sarafu hizi kwa sababu "kila moja ilipigwa na mtu." Si mashine. Mtu aliyeamka asubuhi, akala, akaenda kazini, akanyanyua nyundo.

Sarafu hizo ni shule pia. Peni 12 ni shilingi moja, shilingi 20 ni pauni moja, kwa hiyo pauni ni peni 240. Ipo groti, sarafu ya peni nne, ipo nusu groti ya peni mbili, na chini yake peni yenyewe, nyembamba kama ganda la kitunguu. Peni moja mwishoni mwa enzi ya Elizabeth ilimtosha mtu kuingia ukumbi wa Globe jijini London na kutazama mchezo wa Shakespeare akiwa amesimama uwanjani. Mtoto anayekimbia hesabu za darasani atakaa saa nzima akihesabu ni watu wangapi wangeingia kwa shilingi moja.

Hata neno shilingi lina asili huko. Kwa muda mrefu shilingi ilikuwa hesabu ya kwenye daftari tu, peni 12, bila sarafu yake. Ni wakati wa Henry VII ilipofuliwa kwa mara ya kwanza sarafu ya thamani hiyo, ikiitwa testuni, na sura yake haikuwa tena uso wa mfalme yeyote kama wa sarafu za kale, bali ya mtu yule mwenyewe, iliyochorwa kwa ubavu. Jina shilingi ndilo lililodumu, likavuka bahari, na leo limo mfukoni mwa Mtanzania, Mkenya na Mganda.

Mfalme mwenye pua ya shaba

Kuna hadithi moja ambayo binti aliipenda kuliko zote, nayo ndiyo iliyomtia shaka.

Henry VIII alikuwa mtu wa matumizi. Majumba, karamu, na zaidi ya yote vita dhidi ya Ufaransa na Scotland. Hazina ilipopwaya, aliigeukia fedha yenyewe. Kuanzia miaka ya 1540 mafundi wake walianza kupunguza fedha ndani ya sarafu na kujaza shaba, huku sarafu ikiendelea kuitwa jina lilelile na kudaiwa thamani ileile.

Kabla ya hapo, katika kila sehemu 100 za sarafu, sehemu 92 na nusu zilikuwa fedha safi. Kufikia mwaka 1546 zilibaki kama 33 tu. Mfalme alifariki Januari 1547, lakini mchezo haukufa naye. Mwaka 1551, chini ya mwanawe Edward VI aliyekuwa bado kijana mdogo, baadhi ya sarafu zilifikia sehemu 25.

Kwa macho huwezi kujua mara moja, kwa sababu uso wa sarafu ulifanywa ung'ae kama fedha. Lakini sura ya Henry kwenye testuni zake ilitazama mbele, na kitu kinachochomoza zaidi kwenye uso unaotazama mbele ni pua. Sarafu ilipopita mikono mingi, ngozi ile nyembamba ya fedha ilichubuka puani kwanza, na shaba nyekundu ikajitokeza. Wananchi wakampa mfalme wao jina la utani: mzee mwenye pua ya shaba.

Lugha yetu ina bahati hapa. Kwa Kiswahili, fedha ni ile metali nyeupe, na fedha hiyohiyo ni pesa ya sokoni. Kwa watu wa wakati wa Tudor mambo yalikuwa hivyohivyo: uzito wa metali ndio uliokuwa ahadi ya mfalme. Alipoitoa fedha ndani ya fedha, alikuwa ameitoa ahadi ndani ya neno lake. Bei zikapanda. Wenye sarafu nzuri za zamani wakazificha, wakalipa kwa zile mbovu. Wafanyabiashara wa nje wakazikataa au wakazipokea kwa thamani ndogo. Aliyeumia zaidi ni yule mwenye mshahara wa peni chache kwa siku, ambaye hakuwa na sarafu nzuri ya kuficha.

Aliyekuja kusafisha ni Elizabeth. Mwaka 1560 na 1561 serikali yake ilizikusanya sarafu mbovu kutoka nchi nzima, ikaziyeyusha na kufua mpya zenye fedha ya kutosha. Ili watu wasidanganywe wakati wa kusubiri, baadhi ya testuni za Edward zilipigwa alama ndogo: zenye fedha nyingi kidogo zikapigwa alama ya lango la ngome, zihesabiwe peni nne na nusu, na mbovu zaidi zikapigwa alama ya mbwa wa mbio, zihesabiwe peni mbili na robo.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama kwa miili ya watu. Simulizi ya zamani ya Mnara wa London inasema kwamba mafundi wa Kijerumani walioletwa kuyeyusha sarafu hizo waliugua kwa moshi wenye sumu ya aseniki, na kwamba waliambiwa dawa ni kunywea kwenye fuvu la kichwa cha maiti. Wengi wakafa. Tiba ya kweli, yaani kumtoa mtu kwenye moshi na kumpa hewa safi, haikuhitaji fuvu la mtu. Lakini pale ambapo elimu haijafika, uvumi hutangulia, na hilo wazazi wa leo wanalijua vizuri.

Malkia alifikiria pia wasiojua kusoma. Mwaka 1561 ziliongezwa sarafu mpya, huku zile za peni tatu na za peni sita, zilizoanza wakati wa Edward, zikirudi kwa sura mpya. Sarafu hizo zinakaribiana ukubwa na groti na nusu groti, kwa hiyo ilihitajika alama. Nyuma ya kichwa cha malkia likachorwa waridi, na upande wa pili ukawekwa mwaka. Yenye waridi ni ya peni sita, isiyo na waridi ni groti. Hata mtoto aliyetumwa mkate aliweza kujua.

Maswali matatu ya mtoto

Baba alipoamka mchana ule, alikuta karatasi juu ya meza. Binti alikuwa ameandika mambo matatu kwa kalamu ya risasi.

La kwanza: sarafu ya peni sita ya Elizabeth hukaribia gramu tatu. Hii inapungua mno.

La pili: kama ilipungua kwa sababu watu walikata kingo zake, mbona maandishi yote yapo? Kukata kingo kulikuwa wizi wa kawaida wa zama hizo. Mtu alipunguza ukingo wa kila sarafu iliyopita mkononi mwake, akakusanya vipande, akayeyusha. Adhabu yake ilikuwa kifo, na bado watu walithubutu. Lakini sarafu iliyokatwa huonyesha: herufi za pembeni hukosa vichwa, au duara la nukta linalozunguka ukingo hutoweka. Hii ilikuwa na kila kitu.

La tatu: kama imelika, kama alivyosema baba, mbona pua ya malkia bado imechongoka?

Baba alisoma karatasi ile mara mbili akiwa amesimama. Mama wa nyumba, aliyekuwa anakatakata vitunguu, hakusema neno. Alimtazama tu kwa jicho lile linalosema: haya, mjibu.

Hakuwa na jibu. Alisema ataiuliza kwa wanaojua.

Wiki iliyofuata palikuwa na mnada mdogo wa sarafu katika ukumbi wa mji jirani, ambako wauzaji hupanga meza zao na yeyote huingia kutazama. Baba alikwenda peke yake baada ya zamu, sarafu ikiwa kwenye bahasha mfukoni. Muuzaji mmoja mzee aliipokea, akaishika kwa ukingo kwa vidole viwili, akaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Hakuchukua hata dakika moja.

Ilikuwa ya bandia. Haikufuliwa kwa nyundo, ilimiminwa kwenye kalibu. Ukingoni ulipita mstari mwembamba, mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kwenye uso palikuwa na vishimo vidogo vidogo kama vya chapati, alama ya hewa iliyonaswa metali ilipokuwa ya moto. Na metali yenyewe haikuwa fedha.

Mzee hakucheka. Alimwonyesha sarafu nyingine, ya peni sita pia, ya mwaka uleule wa 1573. Hii ilikuwa ya kweli. Imechakaa, imepinda kidogo, malkia hana tena jicho, na bei yake ililingana na ya jozi nzuri ya viatu vya shule.

Hapo ndipo baba alipopata wazo.

Angeinunua. Angerudi nyumbani mtoto akiwa amelala, angefungua kijitabu cha sarafu, angetoa ile na kuweka hii. Malkia yuleyule, mwaka uleule, waridi lilelile. Asubuhi mtoto angepima, mizani ingesoma karibu gramu tatu, naye baba angesema: unaona, nilikwambia, ulikosea kupima. Hakuna ambaye angeumia. Mtoto angekuwa na sarafu halisi. Baba angebaki baba anayejua.

Alilipa, akatoka. Kwenye basi akaziweka mbili zile kiganjani, moja kando ya nyingine, na akaona kile ambacho binti yake angekiona kwa kupepesa jicho mara moja: hazifanani. Haziwezi kufanana. Kila moja ilipigwa na mtu.

Akaona na jambo la pili, ambalo alimsimulia mkewe usiku ule. Kubadilisha kimya kimya, jina libaki lilelile, mwenye mali asijue. Hicho ndicho alichofanya mzee mwenye pua ya shaba. Kweli, yeye alikuwa anaongeza fedha na mfalme alikuwa anapunguza. Lakini mtoto angeambiwa kwamba mizani yake, macho yake na akili yake vilimdanganya, wakati vilimwambia kweli. Hiyo nayo ni kumpunguzia mtu kitu.

Jumapili baada ya chai ya asubuhi aliweka sarafu zote mbili mezani.

"Mama, ile niliyokupa ni ya bandia. Ulikuwa sahihi. Niliposema imelika, sikuwa najua. Nilijibu kama mtu anayejua."

Binti alinyamaza. Akauliza swali moja tu.

"Ulijua lini?"

"Jana, saa nane mchana."

Alihesabu kichwani, akaona ni chini ya siku moja, akaridhika. Akavuta mizani.

Wataalamu wa malezi husisitiza kila mara kwamba mzazi anayekiri kosa hapungukiwi heshima. Ni rahisi kulisema katika semina. Ni vigumu jikoni kwako, mbele ya mtoto wa miaka 11 mwenye kalamu ya risasi. Lakini mtoto anayeambiwa kwamba shaka yake ilikuwa ya kweli huondoka na kitu atakachokitumia maisha yote: atakapoletewa dawa ya muujiza, kazi ya udanganyifu, au rafiki mwenye maneno matamu kwenye simu, atakumbuka kwamba aliwahi kupima mwenyewe na mizani haikumdanganya.

Sarafu ya bandia haikutupwa. Imo kwenye kijitabu, ukurasa wa mwisho, na chini yake binti ameandika: "Si ya kweli. Zawadi ya Baba." Baba husema hiyo ndiyo anayoipenda kuliko zote.

Simba wa bibi

Simulizi ilipofika Tanga kwa simu ya picha, bibi alicheka mpaka akakohoa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ngoja, na mimi nina yangu."

Akaenda chumbani, akarudi na kopo. Ndani yake, pamoja na vifungo na sindano, ilikuwamo shilingi ya Afrika Mashariki ya wakati wa Mfalme George V, ile yenye simba mbele ya milima. Shilingi hizo zilianza kutolewa mwaka 1921 na Waingereza. Miezi kadhaa baadaye ndugu aliyesafiri aliibeba, na binti akaipima. Ilikaribia gramu nane, nzito kuliko hata shilingi nzima ya Elizabeth yenye gramu kama sita.

Baba akampa hesabu. Shilingi ya simba ina robo tu ya fedha, yaani kama gramu mbili. Shilingi ya Elizabeth ina zaidi ya gramu tano na nusu. Robo ile ni sawasawa na sarafu mbovu kabisa za kijana Edward.

Siku hiyo alipompigia bibi, binti aliuliza kwa uchungu.

"Kwa hiyo bibi, mfalme alikudanganya?"

Bibi alifikiri kidogo. "Mimi sikuambiwa ni fedha tupu, mwanangu. Niliambiwa ni shilingi. Nikienda dukani ikapokelewa shilingi, nikarudi na mchele. Angeniambia ni fedha tupu nami nikakuta shaba, hapo tungegombana."

Hakuna mwalimu angeweza kulieleza vizuri zaidi. Noti na sarafu za leo hazina fedha ndani yake, na bado tunanunua mchele kwa sababu tumekubaliana, na kila mtu anajua makubaliano ni yapi. Kosa la Henry halikuwa shaba. Kosa lilikuwa kuiita shaba fedha.

Kwa mzazi anayetaka kuanza

Mkusanyo wa sarafu si mchezo wa matajiri peke yao, ila una mambo ya kuzingatia.

Anza kwa kutazama. Kwa walio Uingereza, Makumbusho ya British Museum jijini London yana chumba maalumu cha historia ya pesa, na kuingia ni bure. Ashmolean ya Oxford na Fitzwilliam ya Cambridge nazo zina mikusanyo mikubwa. Mtoto aliyeona sarafu 50 za kweli hadanganyiki kwa urahisi na moja ya bandia.

Nunua kwa mtu mwenye jina na anwani, anayekubali kurudishiwa sarafu na kukupa stakabadhi. Bei ya chini kupita kiasi ni onyo. Pima uzito, tazama ukingo, tafuta vishimo. Weka sumaku karibu: fedha haivutwi. Ukikuta sarafu mbili "za nyundo" zenye mikwaruzo na kasoro zinazofanana mahali palepale, zimetoka kwenye kalibu moja.

Usiioshe. Sarafu ya kufuliwa kwa nyundo haifuliwi tena. Ukiisugua kwa dawa ya meno, majivu au siki unaondoa ngozi ya uso wake pamoja na sehemu kubwa ya thamani yake. Ishike kwa ukingo, iweke kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi au kifuko kisicho cha plastiki laini ya PVC, kwa kuwa plastiki hiyo huacha utandu wa kijani. Mtoto anawe mikono baada ya kushika sarafu iliyotoka ardhini.

Ijue sheria kabla ya kuchimba. Anayetembea mashambani England na kifaa cha kutambua metali anahitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Kwa Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, sarafu mbili au zaidi za fedha zenye umri wa zaidi ya miaka 300 zikipatikana pamoja, ni lazima zitolewe taarifa ndani ya siku 14. Sarafu moja peke yake kwa kawaida haihesabiwi hazina, lakini ni vizuri ipelekwe kwa maofisa wa kuandikisha vitu vya kale, ili ijulikane ilipatikana wapi. Kingo za mto Thames jijini London nazo zinahitaji kibali.

La mwisho ni la usalama, na linahusu kila nyumba yenye mtoto mdogo, iwe na sarafu za kale au za juzi. Nusu peni ya Tudor ina upana wa takriban sentimita moja tu. Mtoto wa miaka miwili ataiona, ataiokota, ataitia mdomoni. Kijitabu cha sarafu kikae juu, mahali pa kufungwa. Mtoto akimeza sarafu, usimlazimishe kutapika, na usimpe tonge la ugali "kuisukuma." Mpeleke kituo cha afya apigwe picha ya eksirei. Akitokwa na mate mengi, akishindwa kumeza, akilalamika kifua au akipumua kwa shida, hiyo ni dharura ya sasa hivi. Na kama kuna uwezekano wowote kwamba alichomeza si sarafu bali betri ndogo ya duara, ile ya saa au ya mizani kama ya binti huyu, usisubiri dalili: kimbia hospitali, kwa kuwa betri huunguza koo ndani ya muda mfupi.

Katika nyumba ile ya kusini mwa Uingereza, kijitabu sasa kinakaa juu ya kabati, na mfuniko wa betri wa mizani umefungwa kwa skrubu. Simu haijatupwa, bado kuna jioni za "eeh." Lakini binti ana sarafu anayoiwekea akiba sasa, groti ya Malkia Mary, dada yake Elizabeth. Haipendi kwa sura. Anaipenda kwa maneno ya Kilatini yaliyozunguka ngao: *Veritas temporis filia*.

Alimtafsiria baba yake mezani, polepole, kidole kikiwa chini ya picha.

"Ukweli ni binti wa wakati."

"Maana yake?" baba akauliza.

"Maana yake unachelewa, Baba. Lakini unafika."